Tuambieni Homa Itakuja Siku Gani

Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya wa kaunti za Kisumu, Kericho na Homa Bay

Nakala: Wizara ya Afya, Nairobi, walimu wakuu wa shule zinazozunguka soko la Sondu

KUH: ATHARI ZA CHANJO MBILI ZINAZOTOLEWA SIKU MOJA SHULENI

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote watatu kwa barua moja kwa sababu mtoto wa Sondu ni wenu nyote. Soko letu liko Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Ukitembea kidogo tu umeingia Sigowet, Kericho. Ukishika barabara ya Oyugis hukawii kufika Kabondo, Homa Bay. Siku ya soko nanasi hushuka kutoka kwa Wakipsigis, viazi vitamu huja kutoka Kabondo, omena hupanda kutoka ziwani. Watoto nao huenda hivyo hivyo. Analala kaunti moja na kusoma nyingine, na akiugua hupelekwa kwenye zahanati iliyo karibu au kemisti iliyo wazi saa hiyo, wala hakuna anayeuliza mpaka umepita wapi.

Ombi langu ni hili. Mkituletea chanjo mbili kwa siku moja, mtuambie kila moja inaweza kumletea mtoto nini, na siku gani. Mkishatuambia, msimruhusu mtu yeyote, awe muuguzi, mwalimu au mwenye kemisti, kuipuuza homa ya mtoto wa huku kwa kusema "ni chanjo tu" kabla mtoto huyo hajapimwa malaria.

Mnaikumbuka kampeni ya Julai 2025. Kuanzia tarehe 5 hadi 14, nchi nzima, timu za afya zilipita shuleni, kanisani, sokoni na majumbani. Chanjo ya homa ya matumbo, ambayo wengi wetu tunaiita taifodi, ilikuwa ngeni kabisa katika kliniki za serikali, na ililengwa kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, takriban milioni 19. Ya ukambi na rubela ililengwa kwa walio kati ya miezi 9 na miaka 5, zaidi kidogo ya milioni 6. Kwa hiyo waliotakiwa kupata zote mbili hawakuwa wale wa Gredi ya 6 wanaoweza kurudi nyumbani wakasimulia. Walikuwa watoto wa chekechea, PP1, wenye miaka minne, pamoja na wadogo zao waliobebwa mgongoni. Mtoto wa miaka minne hawezi kukuambia kwamba mkono wa kushoto unamuuma kuliko wa kulia, au kwamba kichwa kilianza kumgonga tangu asubuhi. Hulia, hukataa chakula, hulala mapema kuliko kawaida. Mama ndiye anayetakiwa kuisoma dalili, na anaisoma kwa kile alichoambiwa.

Niseme wazi nimesimama wapi, maana barua za namna hii huchukuliwa haraka kuwa za wapinzani. Watoto wa nyumbani kwangu walichanjwa, na kampeni nyingine ikija watachanjwa tena. Ukambi nimeuona ukipita katika boma na kuacha mtoto mmoja akiwa na macho mabovu. Rubela humpitia mtoto kama homa ndogo, lakini ikimkuta mama mwenye mimba changa inaweza kumharibia mtoto aliye tumboni macho, masikio na moyo. Taifodi nayo sina haja ya kuieleza kwa watu wanaokunywa maji ya mto na visima vifupi. Watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, KEMRI, waliofuatilia ugonjwa huo Kibera na huku kwetu Lwak, Siaya, waliukuta mwingi zaidi sana Kibera, kwenye msongamano, lakini vijijini pia uko. Huko Blantyre, Malawi, utafiti uliohusisha watoto wapatao 28,000 ulionyesha kwamba dozi moja ya chanjo hii mpya hukinga takriban watoto 8 kati ya 10, na kinga hiyo bado ilikuwa na nguvu baada ya miaka minne.

Kuhusu kudunga mbili kwa mara moja pia sina ugomvi. Mtoto wa wiki sita anayepelekwa kliniki hapa hupata siku hiyo hiyo sindano ya magonjwa matano, sindano ya nimonia, matone ya polio na matone ya rota, na akina mama wamelizoea jambo hilo kwa miaka. Burkina Faso walijaribu mahsusi kuwapa watoto wa miezi 15 hadi 23 chanjo ya taifodi pamoja na ya ukambi na rubela, na ya uti wa mgongo juu yake. Kingamwili za kila moja zilipanda inavyotakiwa na hakukuonekana hatari mpya. Malawi mwaka 2023 ilitoa taifodi, ukambi na rubela, matone ya polio na vitamini A katika kampeni moja. Masharti ni kwamba kila chanjo iwe na sindano yake na mahali pake mwilini, na kamwe zisichanganywe katika bomba moja.

Zinapotofautiana ni kwenye siku, na hapo ndipo mazungumzo yetu nanyi hukatika.

Chanjo ya taifodi haina kidudu hai. Ni kipande cha ganda la bakteria kilichofungwa kwenye protini ili mwili wa mtoto mdogo uweze kukitambua. Mwili hukijibu papo hapo: maumivu na uvimbe pale sindano ilipoingia, uchovu, kichwa kuuma, joto kupanda usiku huo au kesho yake. Kwa watoto wengi siku ya tatu mambo yamekwisha. Chanjo ya ukambi na rubela ina virusi hai waliodhoofishwa. Hao lazima kwanza wazaliane kidogo ndipo mwili uamke, na kuzaliana huchukua muda. Homa yake, kama itakuja, huja kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, wakati mwingine pamoja na vipele vyepesi vinavyotoweka vyenyewe baada ya siku mbili tatu. Kati ya watoto 100 wanaoipata kwa mara ya kwanza, 5 hadi 15 huona homa hiyo. Vipele huwapata wachache zaidi, na mtoto mwenye vipele hivyo hamwambukizi mwenzake.

Basi mama anayeambiwa langoni mwa shule kwamba "anaweza kupata homa kidogo usiku, mpe Panadol" ameambiwa nusu. Nusu ya pili humfikia wiki inayofuata, akiwa shambani au sokoni, na hakuna aliyemwandaa. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyedungwa siku ya mwisho ya kampeni, Jumatatu tarehe 14 Julai, angetarajiwa kupata homa ya ukambi kati ya tarehe 21 na 26. Wakati huo mabango yameshushwa, maboksi ya barafu yamerudishwa, muuguzi aliyemdunga yuko kituoni kwake na foleni nyingine. Kampeni ina siku kumi, na athari za chanjo moja kati ya mbili huanza kuonekana pale kampeni inapoisha.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi kabisa, na kwetu lina uzito kuliko yote. Homa ya siku ya nane humpata zaidi mtoto ambaye chanjo ya kampeni ndiyo dozi yake ya kwanza. Aliyekwisha kupata dozi za kliniki, ya miezi 9 na ya miezi 18, ana kinga tayari. Virusi dhaifu wakiingia mwilini mwake huzimwa kabla ya kuleta joto. Fikirini maana yake. Anayeelekea kupata homa ya chanjo ni yule aliyekosa kliniki: mtoto wa nyumba ya mbali, wa mama anayehama na vibarua, wa bibi anayelea wajukuu watano peke yake. Yaani homa hii humkuta mtoto ambaye watu wake wana uhusiano hafifu zaidi na zahanati. Na yule mwingine, ambaye kijitabu chake cha kliniki kimejaa mihuri, akipata joto siku ya nane, chanjo ni ya kushukiwa mwisho. Huyo, hapa kwetu, mshuku malaria.

Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa watoto 6 kati ya 100 nchini kote. Katika ukanda wa ziwa ilikuwa 19 kati ya 100. Na Julai si mwezi wowote tu: mvua za masika zimepita, mbu wameshazaliana, wodi za watoto zimejaa. Sondu tena imekaa pabaya, kwenye ukingo kati ya ukanda wa ziwa, ambako malaria iko mwaka mzima, na nyanda za juu za Kericho, ambako huja kwa milipuko na kuwakuta watoto wasio na kinga itokanayo na kuizoea. Katika darasa moja la PP1 hapa unaweza kuwa na watoto wa aina zote mbili kwenye benchi moja. Malaria inaweza kumgeuza mtoto wa miaka minne kutoka kwenye homa ya asubuhi hadi kupoteza fahamu kesho yake. Siku mbili zilizopotea kwa kusubiri "homa ya chanjo" ipoe zinatosha kumpoteza.

Upande wa pili nao una hatari yake. Kila joto la mwili huku hupewa jina moja lenye vichwa viwili, malaria na taifodi, na kwenye kemisti nyingi hutibiwa yote mawili bila kipimo. Mtoto aliyechanjwa taifodi Jumatano anaweza kununuliwa dawa za taifodi Ijumaa kwa sababu ya joto lililoletwa na chanjo yenyewe. Mbaya zaidi, anaweza kudungwa sindano ambayo hakuihitaji. Teso Kaskazini, Busia, mapema mwaka 2015, watoto 28 waliripotiwa kupooza miguu baada ya kudungwa dawa ya malaria. Chanjo haikuhusika pale. Lakini wazazi wa magharibi mwa nchi walijifunza kuogopa sindano zote kwa pamoja, na hofu hiyo bado inatembea. Ndiyo maana nasema kipimo cha kidole kije kwanza, dawa baadaye. Kipimo hakina upande: kikisema malaria mtoto anatibiwa, kikisema hakuna tunashusha joto na kumwangalia.

Degedege nayo itajwe kwa jina lake. Karibu mtoto mmoja kati ya 3,000 wanaopata chanjo ya ukambi hushikwa na degedege kwa ajili ya homa, na karibu wote hupona bila kilema. Lakini mzazi anayeona macho ya mtoto yakigeuka hana subira ya takwimu. Aambiwe mapema: mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji baridi, mpeleke hospitali hata kama imekwisha, kwa sababu malaria ya kichwa nayo huanza hivyo hivyo na nyumbani hakuna wa kuzitofautisha.

Kwa wanafunzi wakubwa mambo ni mengine. Wao hupata sindano moja ya taifodi, lakini husimama foleni juani bila kula, wakimtazama aliye mbele akikunja uso. Mmoja akizimia, wengine humfuata. Jordan mwaka 1998 zaidi ya wanafunzi 800 waliugua baada ya chanjo ya pepopunda na dondakoo iliyotolewa shuleni, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kwa walio wengi ilikuwa hofu iliyopita kutoka kwa mtoto hadi mtoto. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Chanzo ndicho hakikuwa kichupani. Nasi tumeona jinsi dalili zinavyoweza kuenea shuleni hata pasipo sindano: Oktoba 2023, katika shule ya Eregi, Kakamega, wasichana wengi walishindwa kutembea kwa wakati mmoja na nchi nzima ikaangalia kwa mshtuko. Dawa ya hili ni rahisi. Watoto wale kwanza. Wadungwe chumbani mmoja mmoja wakiwa wameketi, si uwanjani mbele ya macho mia mbili. Anayeogopa sana asilazimishwe mbele ya wenzake.

Kisha wakae robo saa kabla ya kuondoka. Mzio mkali, ule wa kuvimba koo na kushuka kwa presha, hutokea kwa takriban dozi moja kati ya milioni, na ukitokea hutokea ndani ya dakika chache. Adrenalini ikiwa karibu mtoto huokoka. Timu inayofunga boksi na kupanda boda mara tu baada ya kumdunga mtoto wa mwisho imemwacha mtoto huyo wa mwisho bila ulinzi ambao wote waliomtangulia walipewa.

Sasa niseme juu ya makosa ya mikono, kwa sababu chanjo mbili katika boksi moja zina sheria mbili. Ya taifodi ni maji tayari, na kichupa kilichofunguliwa, kikitunzwa vizuri kwenye ubaridi, kinaruhusiwa kutumika hata siku 28. Ya ukambi na rubela ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na ukishachanganywa una saa sita tu, au hadi mwisho wa kikao kikiisha mapema, kisha unatupwa. Muuguzi aliyechoka, aliyeanza safari alfajiri na kufika shule ya tatu saa tisa alasiri, anabeba sheria hizi zote mbili kichwani. Nawaomba muone kazi hiyo ilivyo nzito na mumpe msaidizi ambaye kazi yake ni moja: kuandika saa juu ya kila kichupa na kuangalia saa hiyo.

Jirani zetu wa Sudan Kusini wanajua gharama. Mei 2017, katika eneo la Kapoeta, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya ukambi. Uchunguzi wa serikali na Shirika la Afya Duniani ulikuta kwamba bomba moja lilitumika tena na tena kwa siku kadhaa, chanjo haikuwekwa kwenye ubaridi, na watoto walikuwa wamepewa kazi ya kuwadunga watoto wenzao. Chanjo yenyewe ilikuwa salama ilipotoka bohari.

Lakini kisa ninachowaomba mkisome kwa makini zaidi ni cha Samoa, nchi ya visiwa vya mbali ambayo wengi wa hapa Sondu hawajawahi kuisikia. Julai 2018 watoto wachanga wawili walikufa dakika chache baada ya kuchanjwa ukambi. Wauguzi walikuwa wamechanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Serikali ilisimamisha chanjo hiyo, na kwa miezi mingi wazazi wakabaki na uvumi na huzuni. Idadi ya watoto wanaochanjwa ilishuka hadi karibu theluthi moja ya wote. Mwishoni mwa mwaka 2019 ukambi ukaingia visiwani humo. Zaidi ya watu 5,700 waliugua, na 83 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Wawili waliuawa na kosa la mikono. Waliofuata, hesabu yao kubwa iko kwenye imani iliyovunjika ikaachwa bila kutengenezwa kwa wakati.

Kenya tunayo historia yetu ndogo ya namna hiyo. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki waliishuku hadharani chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake, na mwaka uliofuata wakawaambia waumini wasusie kampeni ya polio. Nyakach ina Wakatoliki wengi, na misheni ya Nyabondo iko hapo juu ya mlima. Wapo akina mama ambao bado hukumbuka neno walilolisikia kanisani mwaka ule kuliko jibu la Wizara lililokuja baadaye. Siwalaumu. Lililowahi kuwafikia ndilo walilolishika.

Ndiyo maana kuandikisha athari kuna maana kuliko karatasi yenyewe. Sheria iko: tukio lolote baya baada ya chanjo lijazwe fomu, fomu ifike Bodi ya Famasia na Sumu na programu ya chanjo, kubwa lichunguzwe. Katika Katiba ya mwaka 2010 huduma za zahanati na hospitali ni za kaunti. Sasa chukueni mtoto aliyedungwa shuleni upande wa Kisumu, akapata vipele siku ya tisa, bibi yake akampeleka kituo cha upande wa Kericho. Nani anajaza fomu? Nani anayejua kichupa kilichotumika kilikuwa cha toleo gani? Homa mbili zilizoandikwa Kericho na tatu zilizoandikwa Kisumu zaweza kuwa tano za shule moja, na hakuna atakayeona hadi ziwekwe katika daftari moja. Naomba kaunti zenu tatu zikubaliane juu ya daftari hilo kwa ajili ya Sondu, hata kama kwingine kote mtabaki na utaratibu wenu.

Na msitunze yaliyomo kwenye daftari kwa ajili yenu tu. Kampeni ikiisha tunatangaziwa waliochanjwa ni asilimia ngapi. Tutangazieni pia walioripoti homa ni wangapi, waliozimia wangapi, waliolazwa wangapi, na walipopimwa walikutwa na nini. Mkisema kati ya watoto kadhaa waliopata homa wiki ya pili, wengi walikuwa na malaria, mtakuwa mmefanya kazi mbili kwa tangazo moja: kuisafisha chanjo na kuwakumbusha watu chandarua.

Watu wa kufanya kazi hii tunao tayari. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba ya vifaa, pamoja na kipimajoto. Sisi upande wa Wajaluo tunawaita nyamrerwa, na hakuna nyumba wasiyoijua. Huku ukanda wa ziwa wamefundishwa kupima malaria kwa kidole na kutoa dawa. Wapeni orodha ya watoto wa PP1 na wadogo zao waliopata chanjo mbili, na muwaombe wapite mara moja tu siku ya nane au ya tisa. Wakimkuta mtoto ana joto, wampime palepale. Walipwe kwa siku hiyo kama zinavyolipwa timu za kampeni, kwa sababu kazi ni ile ile.

Na kila mtoto arudi nyumbani na kikaratasi. Si barua ya ruhusa pekee, ile inayosainiwa kabla. Hiyo pia ni haki yetu na isikosekane. Nasema juu ya kikaratasi cha baada. Katika shule moja ya hapa, ambayo sitaitaja, wazazi walijua watoto wamedungwa mbili walipowavua nguo kuwaogesha. Nimejaribu kuandika maneno yake, myarekebishe mnavyoona:

"Leo, tarehe ______, mtoto wako amechanjwa taifodi mkono wa ______ na ukambi na rubela mkono wa ______. Leo, kesho na kesho kutwa mkono unaweza kuuma na kuvimba, na anaweza kupata joto. Mpe maji na maziwa ya kutosha, na paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Usimpe aspirini. Usikande mkono kwa maji moto wala kupaka dawa yoyote. Kitambaa safi chenye maji ya kawaida kinatosha. Kuanzia tarehe ______ hadi tarehe ______ anaweza kupata joto tena na vipele vyepesi. Vipele hivyo haviambukizi. Joto likija siku yoyote, ya kwanza au ya kumi, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akipata degedege, akivimba uso au kupumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja, kaunti yoyote iliyo karibu, na uende na karatasi hii. Chanjo ilitolewa na ______, kichupa nambari ______. Ukiwa na swali piga simu ______."

Nafasi za tarehe zijazwe na mwalimu. Ni hesabu ya kuongeza saba na kumi na mbili, na walimu wetu wa PP1 wataiweza wakati watoto wanaendelea kukaa robo saa yao. Nambari ya simu iwe ya mtu anayepokea, si ya ofisi inayofungwa saa kumi na moja.

Chanjo za ukambi kwa kampeni zimekuwa zikirudi kila baada ya miaka michache, 2016, 2021, 2025, na taifodi sasa imeingia kliniki kwa watoto wa miezi 9, umri ule ule wa dozi ya kwanza ya ukambi na rubela, na huku kwetu pia umri wa dozi mojawapo ya chanjo ya malaria. Kwa hiyo hata kabla ya kampeni nyingine, kuna mama anayetoka kliniki wiki hii akiwa na mtoto aliyedungwa mara mbili au tatu. Kikaratasi hiki kinaweza kuanza na yeye.

Kabla ya kampeni ijayo, njooni Sondu siku ya soko, maafisa wa kaunti zote tatu pamoja, na muuguzi mmoja anayejua kujibu maswali bila kukasirika. Bodi ya shule yetu itatoa darasa na viti. Wauzaji wawili wa soko, mmoja wa mboga na mwingine wa nafaka, wamekubali kutafsiri kikaratasi, mmoja kwa Dholuo na mmoja kwa Kipsigis, na mwalimu wa PP2 atachapisha nakala za kwanza. Kilichobaki ni idhini yenu, na jina na nambari ya mtu tutakayemwandika kwenye mstari ule wa mwisho.

Wenu,

Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule ya msingi,
Sondu, Nyakach